Mwenda Tezi na Omo

Juu ya meza yangu usiku huu, kando ya karatasi ambayo haijaandikwa kitu bado ila anwani na tarehe, umelala uzi wa mkonge wenye funguo tatu. Wa kwanza ni wa mlango wa nje wa bohari, wa pili ni wa kabati la leja, na wa tatu, ulio mfupi na mweusi kuliko wenziwe, ni wa kufuli la chumba cha ndani, kufuli kongwe la shaba lisilotaka nguvu wala haraka, kwani sharti uliinue kwanza kwa kiganja cha mkono wa kushoto, kama umwinuavyo mtoto aliyesinzia, ndipo uuzungushe ufunguo kwa mkono wa kuume. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja nimeliinua kufuli hilo kila asubuhi ya kazi, nikaliinua tena jioni, hata mkono wangu ukawa unalitenda jambo hilo pasipo kuniomba shauri. Uzi wenyewe si wangu. Niliukuta umekwisha kupiga weusi kwa jasho la mzee aliyenitangulia, naye aliniambia aliupokea kwa mwingine ambaye jina lake sikulishika. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitapanda ngazi ambayo nimekuwa nikiipita bila kuitazama, vidato ishirini na viwili, niketi katika chumba cha wakaguzi wa ndani. Shirika ni lile lile, lango ni lile lile, mlinzi ni yule yule anayeniuliza hali ya nyumbani kabla hajaniuliza kitambulisho, na mshahara utatoka katika mfuko ule ule. Hata hivyo nimeambiwa niandike barua ya kuiacha bohari, na tangu sala ya isha kalamu i mkononi na karatasi i mbele yangu, wala sijapata neno la kuanzia.

Neno la kwanza lililonijia ulimini ni kujiuzulu. Nikaliandika, kisha nikalifuta. Uzulu limetujia kutoka Kiarabu, lugha ambayo kwayo azala ni kutenga kitu kando au kumwondoa mtu katika daraja aliyowekwa, na katika Kiswahili cha wazee wetu wa pwani waliouzuliwa walikuwa mawaziri na maliwali na makadhi, watu ambao kuondoka kwao kulisomwa barazani na kusimuliwa mpaka sokoni. Karani wa bohari hakuuzuliwa. Yeye alifukuzwa, au alihamishwa, au alikufa. Kisha lugha yetu ikalitia neno lile kiambishi ji, kidogo kama punje ya ulezi, na mtu akawa anatenda na kutendwa kwa pamoja, yeye sultani atoaye amri na yeye liwali avuliwaye kilemba. Pana adhama kubwa katika tendo hilo, na pana majivuno pia. Nikilitumia mimi, ambaye siku ya pili yake nitaonekana katika ukumbi ule ule na mkoba ule ule kwapani, nachelea nitafanana na mtu aliyepigiwa siwa kama aendaye Hijazi, kumbe anakwenda uani kuchota maji. Nikayapima na maneno mengine. Kuacha kazi kuna harufu ya ugomvi ndani yake. Kustaafu ni kwa umri na pensheni. Uhamisho, neno la serikali, humpata mtu kama mvua impatavyo njiani, kwa kuwa mhamishwa aghalabu haulizwi. Mimi niliulizwa, nikaomba kwa mkono wangu, nikasali istihara, nikasailiwa na watu watatu waliokaa nyuma ya meza ndefu, mmoja wao akiwa ni mtu ninayempa kalamu kila mwanzo wa mwezi. Kwa hali kama hiyo, ya kuondoka kwa hiari yako pasipo kutoka nje ya uzio, lugha haijatuwekea neno moja lisimamalo kwa miguu yake.

Wala si uteuzi wa maneno tu unaonizuia. Nilikuwa na mwenzangu, ambaye sitamtaja yeye wala mahali alipotumika, aliyehama idara moja kwenda nyingine chini ya mwajiri mmoja. Na kwa upole wa tabia yake, na kwa kunakili barua ya mtu mwingine, aliandika kwamba anaacha kazi kuanzia tarehe fulani na kwamba anamshukuru mwajiri kwa muda wote aliomtumikia. Barua ikapita mezani kwa watu watano, kila mmoja akaitia saini bila kuuliza, hata ikamfikia mhasibu wa mishahara, mtu wa insafu, lakini asomaye kilichoandikwa na si kilichokusudiwa, naye akamfuta. Mwisho wa mwezi mwenzangu alikwenda benki akarudi mikono mitupu. Alipokwisha kurejeshwa daftarini alirejeshwa kama mtu aliyeajiriwa jana, miaka yake tisa imekatwa nyuma yake, likizo aliyoiweka akiba imepotea, na yeye, mwenye mvi, amewekwa katika muda wa majaribio pamoja na vijana watokao chuoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, humtaka alipwaye kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Na kiinua mgongo chake, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia mpaka miaka 10, humwangukia yule ambaye mwajiri ndiye aliyemwachisha. Mwenye kujiondoa mwenyewe hana lake humo. Ama mtu apandaye ngazi kutoka chumba hata chumba, sheria haina jicho la kumwonea. Huona mkataba uendeleao, au mkataba uliokatika. Tangu siku ile nashika kwamba barua ya mwenye kuhama ndani ya nyumba yapasa iseme kwanza, tena kwa sauti, kile asichokiacha, ndipo itaje kile anachokiacha, na katika hili sitaki kubishana na mtu.

Wahenga wetu wa baharini walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, akaapo nahodha na msukani wake. Omo ni mbele, pale chombo kikatapo mawimbi. Na ngama ni tumboni, chini kabisa, ambako maji yapenyayo baina ya mbao hukusanyika yakaoza, na mabaharia hupokezana kuyafua mchana na usiku. Utotoni niliisikia methali hii ikitumiwa kumsuta mtu mwenye makuu: tembea utakavyo, utarudi pale pale uliposhukia. Huo ndio muradi wake mdomoni mwa watu, nami siupingi. Walakini aliyeitunga alikuwa akilijua jahazi, na mwenye kulijua jahazi haidharau ngama, maana chombo kizuri juu, chenye tanga jipya na nahodha hodari, huzama kwa sababu ya kilichofichika chini. Bohari ndiyo ngama yetu. Matairi, bunda za karatasi, sabuni za vyooni, dawa ya mchwa, balbu, taulo za wageni waheshimiwa ambao mara nyingi hawaji, vyote hushukia kwetu kabla ya kupanda. Na upungufu wowote wa huko juu sisi huunusa mapema, kwa kuwa mkubwa hawezi kukosa wino kabla bohari haijakosa wino. Na hapa Tanga kwetu mtu hana haja ya kufundishwa kwamba safari fupi nayo ni safari. Katika zama ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali katika ghuba, shehena ikaletwa pwani kwa matishari, wazee walizoea kuiona meli imesimama siku kadhaa mbele ya macho yao, imekwisha kufika nayo haijafika. Meli isogeapo kutoka nangani kuja gatini, mwendo ambao mvuvi huupiga makasia akiwa katika mazungumzo, huombewa ruhusa, rubani hupandishwa, saa ya kung'oa nanga huandikwa na saa ya kufunga kamba huandikwa. Hakuna baharia aionaye kazi hiyo kuwa mzaha kwa sababu bandari ni moja.

Nilipokwenda kumwarifu mkuu wangu wa idara, ambaye sote humwita Mama bila kuongeza jina, nilianza kwa mbali kama ilivyo ada, nikamwuliza watoto, nikamwuliza goti lake, ndipo nikasema, "Mama, wale wa juu wamenikubalia." Alikuwa amekwisha kujua, kwani katika shirika letu habari hupanda na kushuka ngazi kabla ya mwenyewe. Akanyamaza kitambo, akiivua na kuivisha kalamu yake kifuniko, kisha akasema, "Haya, mwanangu, heri. Ila barua nitaisoma mimi kwanza. Usije ukaniandikia kama mtu niliyegombana naye." Kauli hiyo imenisimamia mlangoni tangu hapo. Nimezifunua barua za namna hii katika majalada ya miaka iliyopita, na karibu zote zinamwamuru msomaji ahusike na kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu. Mtu na mkuu wake wamekunywa chai pamoja saa nne, wamegawana chapati, na saa sita mmoja anamwambia mwenziwe ahusike! Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu walianza kwa jenabi na muhibu, wakamtaja mwandikiwa kwa sifa zake njema, wakamwuliza hali, wakamwarifu za kwao, na karatasi ikiwa imekwisha kuliwa nusu ndipo wakaandika wa baadu na kulitia neno lililowaleta. Kijana wa leo ataona hasara ya wino. Mimi naona staha, na hekima pia, kwa sababu aliyekwisha kusalimiwa hivyo huipokea habari ngumu akiwa ameketi. Lakini siwezi kumwandikia Mama jenabi. Masjala wataniona nimepatwa na homa.

Nikiifikiri kauli yake, namkumbuka bibi yangu mzaa baba. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu, yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma penye jiko na kisima. Babu alipofariki, na bibi alipokwisha kutoka eda, siku moja baada ya alasiri alikizinga kilemba cha kanga kichwani, akakunja mkeka wake, akachukua kibweta chake na sanamaki yake na tasbihi, akakitoka chumba cha mbele alichokaa tangu uarusi wake, akahamia chumba kidogo cha uani kilichopakana na jiko. Hapakuwa na mtu aliyemwambia. Alipofika mlangoni alimwita mama yangu, mke wa mwanawe, akamshika mkono na kumtilia kiganjani kishada cha funguo za makabati na sanduku la vyombo, akasema, "Shika, mwanangu, mimi sasa nataka jua la uani." Maneno yote ya kujiuzulu kwake yalikuwa hayo. Yalikuwa mazuri, na sisi watoto tuliyarudia kwa kuyaigiza, ila bibi hakwenda popote. Aliishi katika chumba kile miaka mingine mingi, na kila asubuhi alipita jikoni akafunua kifuniko cha chungu, akakitazama kilichomo, akakifunika asiseme neno. Mama yangu alikuwa akisimama kando na mwiko mkononi. Sijapata kuona mtihani mkubwa kuliko ule. Kuondoka nyumbani ni jambo moja, na watu wamelitungia nyimbo; kuziacha funguo kisha ukabaki kuzisikia sauti zake zikilia mikononi mwa mwingine ni jambo ambalo bibi alilishinda siku moja akashindwa siku nyingine, na siku aliposhindwa alikwenda kisimani kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Ofisi nayo ina eda yake. Mke aliyepewa talaka rejea hatoki katika nyumba siku ile ile. Sheria ya dini yetu humweka humo mpaka muda wake utimie, ana makazi yake na chakula chake, na maadamu muda haujapita mume aweza kumrejea pasipo mahari mapya. Hivyo ndivyo ulivyo mwezi wangu huu wa notisi. Mfano, nakiri, hautimii kila upande, kwa kuwa mimi ndiye niliyeomba, jambo lililo karibu zaidi na khului, na tena mimi huyo huyo ndiye nitakaye kukaa katika nyumba. Lakini hali ni ile ile ya mtu aliyemo naye hayumo. Mafundi wakija kuchukua misumari humtazama kijana atakayenirithi kabla hawajanitazama mimi. Wenzangu wameanza kunitaja kwa wakati uliopita, "enzi zako hapa," ilhali nimeketi mbele yao natafuna karanga. Wengine wamechanga fedha za kuniaga, pakaletwa soda na keki, pakasemwa hotuba zilizomtoa mmoja machozi, na siku ya pili yake nilisimama nao kwa mama ntilie katika foleni ya wali na maharage, sote tukatazamana kwa haya kama watu waliokwisha kuzika kisha maiti akaja kuomba pilipili.

Mji huu umewahi kuwa na karani aliyehama mara nyingi pasipo kubadili mwajiri. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na hapa mwaka 1909, aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926 akakaa humo mpaka 1944. Akatumika miaka miwili katika idara ya wanyama. Akawa katika ofisi ya wilaya ya Tanga tangu 1946, na kutoka 1952 hata 1960 alikuwa karani wa ofisi ya upimaji. Watu humkumbuka kwa tenzi na hadithi na insha zake, na ni haki yao. Mimi, kwa kuwa ni wa kazi hiyo, humfikiri pia akizifunga droo kwa mara ya mwisho na kuhesabu mbele ya mwingine kalamu na mihuri, akipokewa katika chumba kipya na makarani wasiojua kwamba lugha waliyokuwa wakiiandika kwa haraka ingetengenezwa upya kwa mkono wake. Na katika vyumba vya juu kabisa mambo hayakuwa mengine. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na miezi miwili haijatimia, Januari 1962, Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, kiti akakiachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama cha TANU, ambacho hakuacha kuwa rais wake. Walishangaa wengi kumwona nahodha akishuka ngamani kwa miguu yake, chombo hakijatoka hata mlangoni mwa bandari. Mwaka ule ule ulipogeuka, Jamhuri iliposimama tarehe 9 Desemba 1962, alikuwa tezi tena, safari hii akiwa Rais. Na alipouacha urais mwaka 1985 alituletea neno kung'atuka kutoka Kizanaki, lugha ya kwao, neno la wazee wanaoinuka ili rika lifuatalo liketi. Lakini uenyekiti wa chama aliushika mpaka mwaka 1990. Neno hilo lingenifaa kwa uzuri wake, nami nimelijaribu katika karatasi, nikaona halinikai. Bohari si nchi, na kijana anayenirithi hakuwa akiningoja niinuke. Alikuwa akitafuta kazi.

Kuna kanuni moja ya kazi ninayoiendea ambayo sikuijua mpaka nilipokwisha kukubaliwa. Mkaguzi wa ndani hapaswi kuikagua kazi aliyokuwa akiisimamia mwenyewe mpaka upite mwaka mmoja angalau, kwa kuwa jicho la mtu lina huruma kwa kilichotoka mkononi mwake. Mkuu wangu mpya alinieleza jambo hili kwa upole, kama mtu aombaye radhi, akidhani nitaudhika. Nilishukuru. Katika ngazi ile yote ya vidato ishirini na viwili, katika soda na keki na hotuba, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuniambia kwa yakini kwamba naondoka mahali fulani. Kwa muda wa mwaka mzima nitaipita bohari nikienda sehemu nyingine, na mlango ukiwa wazi nitaiona kadi ya matairi ikining'inia msumarini, na sitakuwa na ruhusa ya kuinyosha. Laiti bibi angewekewa kanuni kama hiyo kwa ajili ya chungu! Huenda mama yangu angepika kwa raha, na huenda naye bibi asingechota maji mengi kiasi kile. Tena nadhani kanuni ilikuwa na maana zaidi ya huruma ya jicho. Vitu nilivyovihesabu miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeanza kuviita vyangu: matairi yangu, rafu zangu, panya wangu. Hakuna kimoja kilichokuwa changu. Cheo ni dhamana, husemwa hivyo mpaka masikio yakachoka, na mtu huona ni neno la wakubwa wenye magari. Kumbe hata mwenye funguo tatu katika uzi wa mkonge huanza kujisahau.

Hati ya makabidhiano nimekwisha kuiandika, kurasa nne, na huko mambo yote yamo: vitu vilivyopo kwa hesabu, vilivyopungua na sababu ya kupungua, deni la mafuta ya jenereta, ngazi ya mbao iliyokopeshwa kwa jirani wala haijarudi. Nilipokuwa nikiiandika niliona kuwa ninaiandika kwa moyo mweupe, kalamu inakimbia, ilhali barua ya mistari michache imenishinda tangu isha. Sababu ni kwamba katika hati namwandikia mtu atakayehitaji kujua, na katika barua nilikuwa najiandikia mimi, nionekane mtu wa maana aondokaye. Mama hakuhitaji hayo. Yeye alitaka aijue tarehe, amjue mrithi, aambiwe ahsante bila kupakwa mafuta, na asikute ndani yake neno linalofunga mlango ambao sote wawili tutaupitia kila siku.

Basi nimeiandika. Haina kujiuzulu, wala kuacha kazi. Inaanza kwa salamu, mstari mmoja tu ili masjala wasistuke. Inasema kwamba utumishi wangu katika shirika unaendelea bila kukatika na haki zangu zote zinakwenda pamoja nami. Inasema kwamba dhamana ya bohari naiacha tarehe ya mwisho wa mwezi na kuikabidhi kwa fulani, kwa hati iliyoambatishwa. Inamshukuru Mama kwa siku ile ya mafuriko alipovua viatu akaingia majini pamoja nasi kuziokoa leja, kitu ambacho hakimo katika jalada lolote. Imetimia mistari minane, na nakala itakwenda kwa mhasibu wa mishahara, ambaye nimemwandikia jina langu na namba yangu ya ajira kwa herufi kubwa. Habari ya kufuli la chumba cha ndani sikuitia katika barua wala katika hati. Kesho saa mbili kijana atakuja na nitamwonyesha kwa mkono.